Kavu Mpaka Louisville

Simu ilinikuta nikikunja nguo zangu za kazini, mchana kweupe, hapa Buffalo. Alikuwa Bahati, binti wa mama yangu mdogo, akipiga kutoka Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus. "Dada Feza," akasema, "mama eko mugonjwa sana. Mukuje." Kisha akanyamaza. Sisi watu wa Kivu, Kongo, tunakujua kunyamaza kwa namna hiyo. Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Unaambiwa fulani anaumwa, njoo. Unasafiri, unafika, unapewa kiti na maji, unalishwa, na ndipo mtu mzima mmoja anakusogelea na kukwambia. Kwa hiyo mume wangu Kevin, ambaye ni Mkenya lakini mambo hayo anayajua sawasawa, aliniangalia usoni, akazima televisheni na kusema, "Pole sana, mama watoto." Alikuwa ameshaanza matanga. Nikamwambia asinipe pole, alete funguo za gari. "Bahati amesema mama anaumwa," nikasema. "Basi anaumwa. Twende." Alinitazama, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekumbuka jambo, akatoka kwenda kuwasha gari. Alisema ataendesha yeye na mimi nilale. Sikulala. Njia nzima nilimfikiria mzee mmoja Mzungu wa Kenmore, na mwaka ule aliotufundisha sote wawili kutomzika mtu kabla hajafa.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za wazazi wangu na za kambi ya wakimbizi tuliyotoka nitaziacha. Nimezieleza mara nyingi kwa watu wenye kalamu na zimenichosha. Nilikuwa natunza wazee majumbani, kazi iliyofanywa na karibu wasichana wote wa kanisa letu kwa sababu haikutaka Kiingereza kingi, ilitaka mgongo. Nikapelekwa Kenmore, pembeni mwa Buffalo, kwa mtu anayeitwa Mzee Alec, katika nyumba ndogo ya matofali iliyokuwa na jiko jembamba na dirisha juu ya sinki. Wakati wa baridi dirisha lile lilitoka jasho mpaka maji yakatiririka ukutani. Kila asubuhi mzee alishika kile chuma chake cha kutembelea, akapita dirisha kwa dirisha na kitambaa cha manjano, akipangusa. Akimaliza vioo anapangusa ukuta, akimaliza ukuta anapangusa mlango wa friji. Na mimi nilikuwa nimekwisha kupangusa! Nilikasirika sana. Kwetu, mwenye nyumba akipitisha kitambaa mahali ulipokwisha kupitisha chako, amekutukana. Nikaanza kufika mapema na kupangusa kwa nguvu zaidi, naye akaja nyuma yangu na kupangusa palepale. Tukaendelea hivyo, vita vya vitambaa, bila mmoja wetu kusema neno.

Chakula chake nacho kilinitia uchungu. Alikuwa na sufuria moja inayokaa ndani ya nyingine, ya chini ina maji yanayochemka, ya juu ina chakula, na humo ndani alitia kila kitu: uji wa shayiri, maharagwe ya kopo, samaki wa kopo, wakati mwingine vyote pamoja. Mimi nimekula vibaya maishani mwangu, lakini ni kwa kukosa, si kwa kupenda. Siku moja nilimtazama akikoroga, nikasema peke yangu kwa Kiswahili kwamba hicho ni chakula cha mbwa. Akageuka na kuuliza nimesema nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha wakati ule, "Nimesema chakula hiki hakina furaha." Mzee alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikaogopa, nikampiga mgongoni. Alipopata pumzi akavuta kiti cha pili. "Kaa," akasema. "Nikueleze hii sufuria."

Hivyo ndivyo nilivyosikia habari za nyambizi ndogo. Nilijua kuna nyambizi, vyombo vya vita vinavyokwenda chini ya maji, lakini hizi za kwao, alisema, zilikuwa ndogo kama basi la shule lililominywa mbavu. Ndani huwezi kusimama. Mtu mfupi anainama, mtu mrefu anatambaa. Waingereza wenzake walizitengeneza wakati wa vita vikubwa vya pili ili zipenye kwenye bandari za adui, chini ya meli zake, ziache mabomu na kutoka. Lakini kwa udogo wake nyambizi ile haikuweza kuvuka bahari yenyewe. Ilivutwa kwa kamba na nyambizi kubwa, siku baada ya siku, ikiwa chini ya maji. Na hapa ndipo mzee aliponyanyua kijiko: kila chombo kilikuwa na vikosi viwili. Kikosi cha kwanza kilikaa ndani wakati wa kuvutwa. Kazi yao ilikuwa kukifikisha chombo kikiwa kizima. Pumzi zao ziligeuka maji kwenye kuta baridi za chuma, maji yakadondokea nyaya za umeme, na waya mmoja ukiungua basi kazi yote imekwisha. Kwa hiyo walipangusa. Walipangusa, wakakagua mitambo, wakatapika, wakala kutoka sufuria kama ile, wakalala kwa zamu juu ya mbao zilizofunika betri, kisha wakaamka kupangusa. Ndani ya ile kamba kulipitishwa waya wa simu ili waweze kuongea na wenzao wa mbele, lakini mara kwa mara waya ulikufa, wakabaki gizani bila kujua kama kuna mtu bado anawavuta. Wakikaribia pwani ya adui, chombo kiliibuka, kimtumbwi cha mpira kikaleta kikosi cha pili, watu waliolala, waliokula, waliokwenda kupigana. Kikosi cha kwanza kikapanda mtumbwi uleule na kurudi.

Mzee Alec alikuwa wa kikosi cha kwanza. Fundi wa mitambo wa kikosi cha pili alikuwa rafiki yake Gordon. Siku ya kubadilishana, Gordon alitumbukiza miguu kwenye tundu la kuingilia, bahari ikirusha maji, akamuuliza swali moja tu: "Kavu?" Alec akamjibu, "Kavu." Gordon akashuka, akaenda kwenye kazi yake, akakamatwa, akakaa kifungoni mpaka vita vilipokwisha. "Gordon alipewa medali," mzee aliniambia. Nikauliza, na wewe? "Mimi nilipewa chai." Nilikasirika kwa niaba yake, nikasema huo ni uonevu, kwamba bila yeye huyo Gordon angepigania nini, chuma chenye kutu? Akanisikiliza akitabasamu, kisha akasema kwamba ujanani naye alikasirika, miaka mingi tu, na hasira haikumsaidia kulala. Kesho yake asubuhi alipochukua kitambaa chake, nami nilichukua changu. Nilianza madirisha ya mbele, yeye ya nyuma, tukakutana kwenye friji.

Marafiki hao wawili wote walikuja kumalizia maisha Marekani. Alec alipitia Kanada, akafuata kazi ya viwanda vya chuma Buffalo. Gordon alimfuata mke, msichana wa Louisville, jimbo la Kentucky. Kwa miaka mingi walikutana Columbus kila mwaka kwa sababu iko katikati. Walikula mchana katika mkahawa wa kando ya barabara kuu, kila mmoja akarudi kwake. Macho na miguu vilipokataa, walibakiwa na simu ya Jumapili. Mimi nilikuwa nafanya kazi Jumapili baada ya ibada, kwa hiyo niliwasikia kila wiki kutoka jikoni, viziwi wawili wakipigiana kelele. Gordon alianza: "Kavu?" Mzee alijibu kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Kavu!" Kisha wakaongea habari za magoti, mvua na bei ya mafuta ya kupasha nyumba joto. Vita hawakuvitaja hata kidogo. Jumapili moja, baada tu ya mwaka mpya, ni mzee aliyelazimika kuanza, maana upande wa pili ulikuwa kimya. "Gordon? Gordon, kavu?" Mzee alikuwa amefungua kipaza sauti cha simu kwa sababu ya masikio yake, kwa hiyo na mimi nilisikia jibu. "Inavuja, Alec. Madaktari wanasema haizibiki." Walipomaliza, mzee alipangusa mkono wa simu kwa kitambaa, taratibu, mbele na nyuma. "Feza," akasema, "nataka kwenda Louisville nimwone akiwa hai."

Binti yake Elaine, aliyekuwa akiishi mbali, magharibi ya nchi upande wa jangwani, alimkatalia. Nilikuwa naosha vikombe na kipaza sauti kiko wazi, nitafanyaje nisisikie? Alisema baba yake hawezi hata kufika kwenye sanduku la barua. Alisema majira ya baridi yakiisha atamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee, na kwamba mtu yeyote atakayekubali kumsafirisha katika theluji atakuwa hana akili. Mzee alikaa ameinamisha kichwa, na mimi nilipouona upara wake umenielekea namna ile, kama mtoto anayegombezwa, mdomo wangu ulinitangulia. "Mimi nitampeleka," nikasema kwa sauti. Ukweli ni kwamba leseni yangu ya udereva ilikuwa bado mpya, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda dukani kununua mchele. Lakini nikishasema nimesema. Ndivyo nilivyo, na Kevin atakwambia hiyo si sifa. Elaine alibishana nasi Jumapili kadhaa, halafu akaweka masharti: daktari akubali, tulale njiani Columbus kwa mama yangu mdogo, na yeye apige simu hapo saa tatu asubuhi aongee nasi. Asipotupata, atawaita polisi wa barabarani. Mimi nikachukua likizo yangu, ili nisafiri kama Feza na si kama mfanyakazi wa mtu.

Mzee aliifanya habari hiyo kuwa vita kamili. Hakuwa na nguvu za kukaa kwenye gari mwendo wote ule, basi tukazitafuta nguvu hizo. Siku za kwanza tulikaa tu kwenye gari mbele ya nyumba, yeye nyuma, miguu juu ya mito, mimi mbele, majirani wakituchungulia. Kisha tukazunguka Kenmore. Kisha tukaingia barabara kuu mpaka Batavia na kurudi. Mwisho tukafika Erie, tukanywa kahawa, tukarudi salama, tukapigiana makofi kama tumevuka bahari. Katika safari ya Batavia lori moja lilinipita na kumwaga tope la theluji kwenye kioo changu chote, nikapiga yowe, nikajikuta pembeni mwa barabara nikilia. Nilimngoja anibembeleze. Mzee alinyoosha mkono kutoka nyuma na kunipa kitambaa cha manjano. "Pangusa," akasema, "kisha endelea." Nilishuka nikapangusa, nikaendelea. Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kumpenda, na namaanisha kupenda kweli, kama unavyompenda mtu wa nyumbani kwenu.

Tuliondoka mwanzo wa mwezi wa tatu. Kosa nililifanya mapema, nilipompigia simu Mama mdogo na kumwambia tutapita kulala, na kwamba ninaye mzee mmoja anayeheshimika. Mtu wa Kivu humwambii maneno hayo ukategemea kitanda na chai. Mama alishughulika tangu asubuhi: bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki, wali, viti vya kuazima, kwaya nzima ya kanisa. Na kwa kuwa Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, alimwomba Kevin aje kutafsiri. Kevin alikuwa kijana Mkenya wa kanisani kwao, mwanafunzi wa uhasibu, ambaye siku za mapumziko alifanya kazi katika nyumba ya wazee kule Gahanna. Mchana huo, sisi tukiwa bado tunapambana na upepo karibu na Cleveland, simu ililia kwa Mama. Alikuwa mpwa wa Gordon, aliyekuwa akimuuguza kule Louisville; nilikuwa nimempa namba ya Mama. Kevin akapokea, akasikiliza, akamgeukia Mama na kumwambia kwamba Gordon amepelekwa hospitali, ni mgonjwa sana, mpwa anaomba tuje haraka. Mama akaweka mwiko chini.

"Alishaka kufa," akasema.

"But Mama, amesema tu ni mgonjwa."

"Kevin, weye uko mutoto. Batu banasemaka nini kwa simu?"

Kevin akakubali, kwa sababu hata Machakos, alikozaliwa, watu husema vilevile. Shangazi yake aliitwa nyumbani kwa maneno hayohayo, akakuta kaburi limeshachimbwa.

Tulipofika, giza lilikuwa linaanza, na niliona mara moja kwamba kuna jambo. Watu walikuwa wengi mno na kimya mno. Mama alinivuta jikoni, akanishika mikono na kuniambia kwamba rafiki wa mzee hayuko tena. Wala sikuuliza nani kasema na kasemaje. Nani anauliza maswali hayo? Nikauliza tu kama tumwambie. "Mutu eko na njala hapewake habari mubaya," Mama akasema. "Akule, alale. Asubui pasteur atakuya, atamuambia muzuri." Niliona ni sawa, maana hata mimi ningetaka kuambiwa hivyo. Basi mzee akakalishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akanawishwa mikono, akala samaki kwa vidole, akasifia sombe, akaomba tena. Wanakwaya walimzunguka wakaimba nyimbo za polepole, wengine macho yamejaa. Nilipomwinamia kumpa maji akaninong'oneza, "Watu wako ni wema sana. Lakini nani amekufa?" Kabla sijafumbua mdomo, Mama alimwongezea samaki.

Asubuhi pasta alikuja na suti. Tulikaa wote sebuleni, chai iko mezani, na Kevin akatafsiri neno kwa neno, akiangalia zulia. Mzee Alec aliposikia kwamba Gordon ameaga dunia, aliweka kikombe chini. Mkono wake ulikwenda mfukoni, kwenye kitambaa, ukabaki humo. Mimi nilikuwa nalia tayari, na Mama pia. Kisha mzee akauliza, "Nani amesema?" Kevin akajibu kwamba mpwa wake alipiga simu. "Alisema nini? Nipe maneno yake." Kevin akayatoa maneno yenyewe: ni mgonjwa sana, mje haraka. "Alisema amekufa?" Kevin akamtazama Mama, Mama akamtazama pasta. "Hapana," Kevin akasema. "Alisema lini?" "Jana mchana."

Ilibidi Mama aeleze, kupitia kwa Kevin, jinsi sisi tunavyoficha kifo mpaka mtu afike, akae, ale. Alieleza akitafuta maneno, akichomeka Kifaransa chake, donc hivi, donc vile. Nilitarajia mzee atapiga kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwambie Mama," akasema, "kwamba hata sisi tulifanya hivyo. Siku niliyotoka kwenye kile chombo, walinipa chai na mkate, nikamaliza, ndipo wakaniambia kwamba kamba ya wenzetu wengine ilikatika njiani na chombo chao hakikuonekana tena. Nashukuru kwa samaki. Lakini mwambie pia kwamba mpwa wa Gordon ni mtu wa Kentucky. Angekuwa amekufa, angesema amekufa." Akashika chuma chake na kuanza kusimama. "Feza, piga simu." Nilipiga kwa mpwa ikaita bila kujibiwa. Hospitali walisema hawawezi kutoa habari za mgonjwa kwenye simu. Kwa hiyo hatukujua. Mzee alisema kutokujua si kitu kipya kwake, akaomba viatu.

Nilichukua koti na funguo. "Wewe hapana," akasema. Nilidhani sijasikia vizuri. Akasema nimeendesha jana kutwa kwenye theluji, sikulala, macho yangu ni mekundu, na saa tatu Elaine atapiga simu katika nyumba hii, na hakuna mwingine atakayeweza kumzuia asiite polisi. Kisha akamgeukia Kevin. "Wewe umelala?" Kevin alikuwa amelala kwake, amekula, amenyoa hata ndevu. "Yes sir, nimelala vizuri." "Unajua kumwinua mzee?" "Ndiyo kazi yangu, sir." Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba imekwisha. Mimi nikawaka. Niliongea Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa kwa pamoja. Nilisema ni mimi niliyemtoa Buffalo, mimi niliyelia Batavia, mimi niliyebishana na binti yake, na sasa kijana ambaye hata jina lake kamili silijui ndiye atakayemwingiza kwa Gordon? "Ndiyo," mzee akasema, kwa upole uliozidi kuniumiza. "Najua inavyouma. Hakuna mtu anayejua kuliko mimi." Nikampa Kevin funguo.

Tukamlaza kiti cha nyuma, miguu juu ya mito. Nikakagua dawa, maji, blanketi, koti la akiba. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani, nikakipangusa kwa kitambaa cha manjano mpaka kikang'aa, kisha nikampa mzee kitambaa chake. Kevin alikuwa ameshika usukani. Mzee akamgusa bega. "Muulize kama ni kavu." Kevin hakuelewa kitu, akaona haya, akateremsha kioo. "Feza... eti ni kavu?" Nikasema, "Kavu." Wakaondoka, nikabaki kwenye uwanja wa kuegesha magari nimevaa kandambili za Mama kwenye theluji.

Saa tatu Elaine akapiga. Nikamwambia ukweli wote: baba yake yuko wapi, yuko na nani, na kwa nini. Alinipigia kelele. Alisema anakata simu sasa hivi na kuwaita polisi walisimamishe gari Cincinnati. Nikamwambia anaweza. "Lakini fikiria, Elaine. Watamsimamisha, watamrudisha, atakaa Kenmore kwenye kile kiti, na wewe utampigia kila Jumapili ukijua umemnyima nini. Baba yako maisha yake yote alifikisha wengine. Mwache leo afike yeye." Nilisikia pumzi zake. Nilisikia analia, na mimi nikalia, wanawake wawili ambao hatujawahi kuonana. Mwishowe akasema, "Wakifika, nipigie." Hakuita mtu. Nikarudi jikoni, nikaosha vyombo vya kwaya nzima, nikapangusa meza. Mama aliniangalia, akasema, "Feza, utatoboa meza."

Simu ililia mchana. "Feza, tumefika," Kevin akasema, anahema. "Nyamaza usikie." Akakinyoosha kisimu chake mbele. Nilisikia viatu kwenye sakafu ya hospitali, mashine ikipiga mlio, na kile chuma cha mzee kikigonga, kikisimama, kikigonga. Nikasikia mlango. Nikashika ukingo wa sinki. Halafu sauti ndogo, ya mbali, iliyolegea, sauti ya Jumapili zote zile ikiwa imebaki nusu: "Kavu?" Na Mzee Alec, aliyezoea kujibu kwa kelele, alijibu kwa sauti ya chini kabisa, inayokatika. "Kavu, Gordon. Kavu mpaka hapa."

"Banasema nini?" Mama akaniuliza, amenishika mkono. Nikamwambia, "Eko muzima, Mama. Gordon eko muzima." Mama alikaa chini palepale sakafuni. "Tulimuzika mutu muzima," akasema, na akaanza kulia, na katikati ya kilio akaanza kucheka, nami nikakaa karibu naye tukacheka mpaka tukaumwa tumbo. Gordon aliishi mpaka wiki iliyofuata, rafiki yake akiwa kando ya kitanda. Baada ya mazishi Kevin alimleta mzee mpaka Columbus, mimi nikampokea na kumrudisha Kenmore. Elaine hakutaja tena nyumba ya wazee. Mzee alifia nyumbani kwake, majira ya baridi yaliyofuata, na Elaine alinipa ile sufuria. Iko jikoni kwangu. Wanangu wanasema chakula kinachotoka humo hakina furaha, wanasema kwa Kiingereza, nami nawaambia kaeni, niwaeleze.

Sasa tulipoingia Reynoldsburg juzi, nikaona magari ya watu wa kanisa yamejaa mbele ya nyumba na wanaume wamesimama nje na makoti meusi. Niliogopa, nisidanganye. Kevin alizima gari akashika mkono wangu. "Mimi nimekufikisha," akasema. "Ingia wewe." Sebuleni kwaya ilikuwa imeshaanza, wimbo wa polepole. Wanawake walinipisha kwa macho ya msiba; nao walikuwa wamepigiwa simu kama yangu. Mmoja alileta kiti, mwingine maji. Nikakataa kiti, nikakataa maji, nikapita moja kwa moja mpaka chumbani. Mama alikuwa mdogo sana kwenye kitanda kile, macho yamefumba, mdomo wazi. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Akafumbua macho, akanitambua.

"Feza. Balikuambia nilikufa?"

"Hapana, Mama. Balisema uko mugonjwa sana."

"Na weye ukasadiki?"

"Nikasadiki."

Alicheka, cheko lile la sakafuni, dogo lakini lilelile, mpaka Bahati akakimbia kutoka ukumbini kuja kutazama kuna nini. "Bon," Mama akasema. "Ambia bale batu banyamaze kwanza. Na weye, ulikula?" Nilikuwa sijala tangu Buffalo. Nikafungua mlango, nikaikatisha kwaya katikati ya ubeti na kupaza sauti mpaka jikoni, walete sahani mbili.